Erthi kwenye injini ya boti ni kitu gani hasa

Kila nikishuka jeti ya Mokowe, huku Lamu, nasikia mtu anasema "erthi iko, hiyo si shida", na hapo hapo geji zinacheza kama zimepagawa na stata ikipigwa inasema tik, kimya. Iko wapi hiyo erthi? Imepimwa? Ukiuliza unaonyeshwa waya mweusi umefungwa kwa bolti yenye kutu, basi, maneno yameisha, na jioni senda mpya (kile kipimio cha kwenye injini kinachopeleka habari kwa geji) imeshanunuliwa.

Maana yake ni fupi. Moto, yaani umeme, unatoka pozitivu ya betri, unapita fyuzi na suichi, unaingia kwenye geji au stata au pampu, na ni lazima urudi mpaka nega ya betri, la sivyo hakuna kinachofanya kazi. Hiyo njia ya kurudi ndio erthi. Maana yenyewe imeishia hapo, taabu iko kwenye mambo watu wanayoibandika juu yake.

La kwanza linaletwa na mafundi wa magari, na siwalaumu maana huko ndiko walikojifunzia. Gari na tuktuk bodi yake ni chuma, na hiyo bodi yote ndio waya wa kurudi, ukifunga taa popote kwenye chuma inawaka. Sasa unakuja kwenye mashua ya mbao iliyochongwa Matondoni ama boti ya faiba, unafunga waya wa geji kwenye skrubu ya dashibodi eti umeshika erthi. Umeshika mbao! Kwenye boti kama hiyo kila kifaa kinataka waya wake wa kurudi, uende mpaka kwenye bloki ya injini au kwenye baa ya nega (kipande cha chuma kinachokusanya waya zote za kurudi), na kutoka hapo uende kebo nene mpaka betri.

La pili ndio linaniudhi kuliko yote, kwamba erthi ya boti ni bahari. Kuna watu wanaamini kwamba shafti na pangaboi zikigusa maji ya chumvi basi erthi imepatikana. Maji ya chumvi yanapitisha moto kidogo, kweli, lakini hayawezi kabisa kubeba moto wa stata, na ule moto mdogo unaopita majini unakula chuma kila siku unapopita. Waya wa pozitivu uliochubuka ukilala kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, unaweza kumaliza zinki (kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya chuma kingine) na kuanza kutafuna pangaboi wakati nahodha analaumu ubaya wa zinki za siku hizi. Bahari ikiwa ndio njia yako ya kurudi, hiyo ni hitilafu, itafute uiondoe.

Na hata nega na erthi si kitu kimoja, ingawa kwa injini nyingi tulizonazo zinakutana kwenye bloki. Magari mengi ya zamani ya Uingereza, kabla ya katikati ya miaka ya 1960, yalifungwa pozitivu ndio erthi, na kuna injini za boti ambazo bloki haina moto wowote, senda zake zina vichwa viwili na waya wa kurudi ni wake peke yake. Ukikuta injini mzee usiyoijua usianze kufunga nega kwenye bloki kwa mazoea, angalia kwanza senda ina vichwa vingapi.

Haya, sasa hilo neno "iko". Fundi anachukua mita, anaweka kwenye omu (kipimo cha jinsi njia inavyozuia moto), anagusa bloki na nega ya betri, inasoma sifuri, anasema erthi iko. Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha omu 0.01 ikaeleweka, lakini stata ya dizeli ndogo inavuta ampia 150, 200, wakati mwingine zaidi, na ampia 200 zikipita kwenye omu 0.01 umeshapoteza volti 2 hapo tu kwenye bolti moja yenye kutu ya kijani. Betri ilikuwa na 12.6 imetulia, ikipigwa stata ikashuka 10.5 ambayo si mbaya, ukitoa hizo 2 stata inapata 8 na kitu, ndio ile tik. Watu wanabadilisha betri, wanabadilisha stata, bolti iko pale pale inacheka.

Kwa hivyo erthi inapimwa ikiwa na mzigo. Mita kwenye volti, waya mmoja kwenye kichwa chenyewe cha nega ya betri (kichwa, si klipu), mwingine kwenye chuma safi cha bloki, mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.3 hivi uko sawa, ikipita 0.5 fungua kila kiungo, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndio upake grisi. Ukiweza tafuta kebo ya shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu kwa unyevu wa huku inaoza ndani ya mpira ukiiona nje nzima.

Geji nazo zinakuambia mapema ukizisikiliza. Geji moja tu ikidanganya, shuku senda yake au waya wake: ya joto ukichomoa waya kwenye senda mshale unaenda baridi, ukiugusisha kwenye bloki unaenda moto kabisa, ikifanya hivyo geji na waya ni wazima, senda ndio mgonjwa. Geji zote zikihama pamoja unapowasha taa za usiku, usinunue senda hata moja, ni erthi ya dashibodi. RPM (geji ya mizunguko ya injini) peke yake ikifa, kwa dizeli nyingi inasoma kutoka alteneta, angalia mkanda wake kabla hujaangalia geji. Na waya mwembamba wa geji ukiupata umeungua baada ya kupiga stata, jua kebo nene imekatika au imelegea na moto wa stata umejaribu kurudia huko.

Sasa ndugu zangu mafundi, sisemi muache neno erthi, tumelizoea na mimi pia nalitumia. Ila mkiulizwa, badala ya "iko" mtupe namba: imepoteza volti ngapi stata ikipigwa.