Kunogewa na kitabu: maana yake

Kunogewa na kitabu ni ile hali ya msomaji kusoma mpaka akasahau kwamba anasoma. Haoni tena herufi, anaona watu na mahali. Anaitwa mara mbili, ya tatu ndipo anaitika. Wanaosema wanapenda vitabu huwa wanaisema hali hii, ingawa mara nyingi huchanganywa na faida za kusoma, yaani maarifa, msamiati na kufaulu mitihani. Faida hupatikana hata bila raha, kama ajuavyo kila aliyekesha na kitabu cha mtihani.

Ili kuelewa raha hiyo inatoka wapi, tuanze na jicho. Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kwa msomaji mzoefu wa maandishi ya herufi kama hizi, kila kituo huchukua karibu robo ya sekunde na kila mruko huvuka herufi kama 7 hadi 9. Sehemu inayoona kwa ukali ni finyu mno, karibu upana wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Na katika kila miruko 10, mmoja hivi hurudi nyuma kuhakikisha.

Aliyezoea hasikii lolote kati ya hayo. Anayejikongoja anayasikia yote: akili yake imeshikwa na kuunganisha silabi, na kisa hakina pa kukaa. Ndiyo maana kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kusoma ni kutamu ni sawa na kumsifia bahari mtu anayetapatapa majini. Anachohitaji ni kurasa nyingi zilizo rahisi, mpaka ufundi wenyewe ujisahau. Mwaka 1986 mtafiti Keith Stanovich aliueleza mzunguko huu kwa mfano wa Injili ya Mathayo, kwamba mwenye kitu huongezewa: anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, na kwa kusoma zaidi huzidi kuwa mwepesi. Upande wa pili wa mzunguko ni mchungu vilevile.

Ufundi ukishatulia, ndipo kazi tamu inaanza. Chukua sentensi hii: “Alipofungua mlango, viatu havikuwepo.” Ina maneno manne tu. Mwandishi hakusema ni mwanamume au mwanamke, mchana au usiku, mlango wa mbao au wa bati. Msomaji keshajaza. Na lile “havikuwepo” limefanya jambo jingine: limemjulisha kwamba viatu vilitarajiwa kuwa pale, kwa hiyo kuna mtu aliyeondoka, au aliyeviondoa. Nusu ya kisa imeandikwa karatasini, nusu ameitunga msomaji mwenyewe ndani ya sekunde mbili. Filamu ingemwonyesha mlango na rangi yake. Kitabu kinamwachia, na kile alichokitunga mwenyewe humkaa kama chake.

Swali la nani kaondoka ndilo linalomgeuzisha ukurasa. Mtafiti George Loewenstein, katika nadharia yake ya mwaka 1994, alisema udadisi huzaliwa mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Tusisahau nusu ya kwanza: asiyejua kitu hana pengo. Mwandishi anayeficha kila kitu tangu sura ya kwanza akidhani anajenga taharuki hupata msomaji aliyechanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hufunga kitabu.

Hata hivyo, kujua mwisho si raha yote. Jaribio la Chuo Kikuu cha California, San Diego, lililochapishwa mwaka 2011, liliwapa wasomaji hadithi fupi zikiwa zimefichuliwa mwisho wake, na kwa wastani walizipenda zaidi. Tafiti za baadaye zimepishana na matokeo hayo, lakini kila anayerudia kitabu kwa mara ya tatu anajua kwamba kuna utamu mwingine: sauti ya sentensi, na kuona jinsi mtego ulivyotegwa. Victor Nell, mwanasaikolojia wa Afrika Kusini, alionyesha mwaka 1988 kwamba wanaosoma kwa kujiburudisha hupunguza mwendo wanapofika kwenye kurasa wanazozipenda zaidi. Wanaouza mafunzo ya kusoma kasi wangelitafakari hilo.

Kuna dhana moja ya kurekebisha. Si lazima uone picha kichwani. Wapo watu wasioona picha yoyote akilini, hali iliyopewa jina la afantasia mwaka 2015, na baadhi yao ni wasomaji wakubwa. Wao hunogewa na mazungumzo, hoja au tabia za wahusika.

Kunogewa kukikosekana, watu hukimbilia kulaumu uvivu. Mara nyingi kosa ni la ukubwa wa kiatu: kitabu hakimtoshi msomaji. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa wanaojifunza lugha ya kigeni, ulikadiria kwamba ili kuelewa hadithi vizuri bila msaada, msomaji anahitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 250 basi unavumilia maneno mageni 5 hivi. Fungua kitabu katikati, kwa kuwa mwanzo huwa umepigwa msasa kuliko kurasa nyingine, usome ukurasa mmoja ukikunja kidole kwa kila neno usilolijua. Mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha, kiweke kwanza. Kilicho rahisi kupita kiasi nacho huchosha, ila hicho utakitambua bila kuhesabu.

Zawadi zina hatari yake. Katika jaribio la mwaka 1973, watoto waliopenda kuchora waliahidiwa tuzo kwa kuchora, na baadaye walipoachwa huru wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Lile lilihusu kalamu za rangi, lakini onyo lake linafaa kwa anayemlipa mtoto kwa kila kitabu.

Kingine kinachoharibu raha ni kukatizwa. Kurasa za kwanza ni nzito kwa sababu majina hayajapata sura. Ukizisoma mbili leo na mbili keshokutwa, kila siku unaanza upya. Zisome kurasa 30 kwa mkupuo, simu ikiwa chumba kingine. Ukilazimika kuacha, acha katikati ya tukio badala ya mwisho wa sura, na ukirudi anza aya mbili nyuma ya alama yako.