"Bado ni Damu Tu": Maswali na Majibu Kuhusu Mimba Changa

Mimba ya mwezi mmoja si bado ni damu tu?
Hapana. Si damu. Kwa kauli hii baadhi ya akina mama wa Arusha na Moshi hufika kliniki mwezi wa tano wa mimba, wameshakunywa kila walichoelekezwa na jirani. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya yai kurutubishwa. Hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengi hata kipimo hawajanunua.

Nani anaendesha kazi mapema hivyo?
Mwanzoni ni yai lenyewe. Linapokua kwenye ovari hujiwekea akiba ya mRNA, yaani nakala za maelekezo ya kutengeneza protini, kisha kazi ya kutoa nakala mpya husimama. Akiba hiyo husimamiwa na protini zinazoshika nakala hizo. Mojawapo ni CPEB, iliyochunguzwa sana kwa vyura na panya: huacha mkia wa mRNA, yaani kipande cha mwisho wake, ukiwa mfupi ili isisomwe kabla ya wakati. Yai likipevuka, mkia hurefushwa na protini huanza kutengenezwa. Baadaye protini nyingine, BTG4, huleta vimeng'enya vya kukata mikia hiyo, na nakala za mama huteketezwa. Mwanamke mwenye kasoro kubwa ya BTG4, yai lake hurutubishwa lakini halijigawanyi. Kufikia siku ya 3 hivi, kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kujigawanya) kikiwa na seli 4 hadi 8, vinasaba vyake mwenyewe hushika usukani.

Kuna dawa ya kienyeji ya kusaidia hatua hiyo?
Hakuna. Na hizo za "kusafisha kizazi", tafadhali, ziacheni.

Nianze lini asidi ya foliki?
Kabla ya mimba, angalau mwezi mmoja. Miligramu 0.4 kila siku hadi wiki ya 12. Seli zinazogawanyika kwa kasi huihitaji kutengeneza DNA. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, yaani mfereji ule haukujifunga vizuri, huhitaji dozi kubwa, miligramu 4 hadi 5, ya kuandikiwa na daktari.

Nakula mnafu kila siku, hautoshi?
Mnafu ni mzuri. Ila ukiuchemsha muda mrefu na kumwaga maji ili uchungu upungue, foleti nyingi, yaani foliki ya asili ya mboga, imeenda na maji. Na unga wa sembe uliosagwa mashine ya mtaani kwa kawaida haukuongezwa virutubisho. Kula mboga, na meza kidonge.

Mbege kidogo si huongeza damu?
Haiongezi. Ni pombe, na hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba. Mwezi wa kwanza pia. Maana, tumeshasema, si damu tu.

Ninatumia dawa za kifafa. Niache?
Usiache ghafla, degedege ni hatari kwenu wote wawili. Muone daktari kabla ya kushika mimba, hasa kama unatumia valproeti, inayojulikana kusababisha mgongo wazi.

Nimegundua leo, hedhi imechelewa wiki tatu. Nimechelewa?
Kwa mfereji ule, ndiyo, umeshajifunga. Kwa moyo, viungo na ubongo unaoendelea kukua, bado. Acha pombe leo, anza foliki leo, nenda kliniki wiki hii. Beba pakiti za dawa zote ulizomeza, za mitishamba pia. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au damu kutoka, usingoje kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.