Gemu za zamu na konsoli moja: yanayosemwa Lamu na ukweli wake

Kwenye vibanda vya gemu vya Langoni hakuna kinachoushinda mpira. Pedi mbili, skrini moja, malipo kwa mechi, na vijana kwenye kreti za soda wakingoja aliyefungwa anyanyuke. Gemu za zamu, zile unazopanga askari wako mmoja mmoja kisha ukamwachia mpinzani naye apange, ni nadra kumkuta mtu akizicheza hapo. Lakini hukosi mtu mwenye la kusema juu yake. Na kwa kuwa nyingi zilianza zikiwa zimefungiwa konsoli moja, yaani huzichezi kwenye mashine nyingine, ubishi wa gemu huishia kuwa ubishi wa Sony, wenye PlayStation, na Nintendo, wenye Switch, na humo maneno mengi yasiyo na msingi hupita bila kuulizwa. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Ikitoka PlayStation peke yake, ndiyo basi"

Dhana hii imewatoa watu pesa kuliko zote. Mtu anajinyima miezi anunue mashine kwa ajili ya gemu moja, akiamini haitaonekana kwingine.

Tazama safari ya Final Fantasy Tactics. Ilitoka Japani mwaka 1997 kwa PlayStation ya kwanza, na kwa muda mrefu mashabiki wa Sony waliitumia kuwanyamazisha wengine. Mwaka 2007 ikaingia PSP, konsoli ndogo ya kushika mkononi, bado mikononi mwa Sony. Mwaka 2011 ikawa kwenye iPhone, 2015 kwenye simu za Android, na Septemba 2025 ikatolewa upya kwa PlayStation, Xbox, Nintendo na kompyuta kwa mpigo mmoja. Valkyria Chronicles ya Sega nayo ilianza PlayStation 3 mwaka 2008. Mwaka 2014 ikafika kwenye kompyuta, 2018 kwenye Switch. Triangle Strategy ilitoka Switch Machi 2022, na kabla mwaka haujaisha wenye kompyuta walikuwa wanaicheza.

Kufungiwa kuko kwa namna nyingi. Kuna gemu ambayo ni mali ya mwenye konsoli tangu mwanzo. Kuna ya kampuni nyingine iliyolipwa isiipeleke kwingine kwa muda fulani. Na kuna ile ambayo hakuna aliyemlipa mtu chochote, ila watengenezaji ni wachache na hawana uwezo wa kuishughulikia kwenye mashine tatu kwa wakati mmoja. Tangazo la televisheni halikwambii ni ipi kati ya hizo. Rise of the Tomb Raider ilitoka Novemba 2015 upande wa Xbox, watu wakatukanana sana, na mwaka uliofuata ikawa PlayStation 4. Aliyesubiri hakupoteza kitu, tena huenda aliipata kwa bei ya chini.

Hata zile za mwenye konsoli hazifungwi tena kama zamani. Sony iliitoa Horizon Zero Dawn kwa kompyuta mwaka 2020, na God of War mwaka 2022. Microsoft, wenye Xbox, ikapita hapo: mwaka 2024 ilianza kuzipeleka baadhi ya gemu zake kwa mpinzani, na Agosti 2025 Gears of War yenyewe ikauzwa kwa PlayStation 5. Enzi za Xbox 360 ungelitamka hilo barazani ungeulizwa kama una homa.

Asiyetikisika ni Nintendo. Fire Emblem, ambayo wengi wetu tunaihesabu kama mama wa gemu hizi upande wa konsoli, imekuwa kwake tangu 1990. Three Houses ya 2019 na Engage ya 2023 utazicheza kwenye mashine ya Nintendo au huzichezi. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: kama roho yako iko Fire Emblem, tafuta Switch, hata ya mkono wa pili. Kama ni gemu nyingine yoyote ya zamu, usinunue konsoli kwa ajili yake kabla ya kuipa mwaka mmoja.

"Kufungia gemu ni uchoyo mtupu"

Mara nyingi ni uchoyo, sibishi. Ila si kila mara. Bayonetta 2, ambayo si gemu ya zamu lakini ndiyo mfano ulio wazi zaidi, isingalikuwako lau Nintendo haikutoa fedha baada ya Sega kujitoa. Ikatoka Wii U, konsoli ya Nintendo ya wakati huo, mwaka 2014, na waliolalamika kwamba haikuja kwenye mashine zao walikuwa wanalalamikia kitu ambacho bila huyo waliyemlaumu kisingezaliwa.

Na si kila inayochelewa imefungiwa. Baldur's Gate 3 ilipofika kwenye kompyuta Agosti 2023 na PlayStation 5 Septemba, bila Xbox, wengi hapa waliapa kwamba Sony imemhonga mtu. Tatizo lilikuwa Xbox Series S, ile ndogo ya bei nafuu. Microsoft ilitaka gemu ziwe na uwezo uleule kwenye Series S na Series X, kubwa yake, na studio ya Larian ilishindwa kuifanya skrini igawanyike mara mbili kwa wachezaji wawili kwenye ile ndogo. Mwishowe wakakubaliana itoke bila sehemu hiyo kwenye Series S, na Desemba ikatoka. Pesa haikuhusika.

"Gemu za zamu ni mabaki ya mashine dhaifu"

Wanaosema hivi wanadhani zamani mashine hazikuweza kuendesha vitu kwa wakati mmoja, ndiyo maana watu wakasubiriana. Pong ni ya 1972 na Space Invaders ni ya 1978, na hakuna anayemsubiri mwenzake kwenye hizo. Asili ya gemu za zamu ni mezani. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita wa kuwafunzia maafisa, wa ramani, vipande na kete za kurusha. Unakisogeza kikosi chako, hesabu inapigwa, mwenzako anajibu. Kompyuta ilirithi mchezo huo ukiwa na zaidi ya miaka mia moja.

Isitoshe, nenda mbele ya Ngome ya Lamu alasiri. Wazee wanacheza bao: mashimo 32, kete 64, mmoja ananamua na mwingine ametulia anahesabu. Kijana akipita akamwambia mzee kwamba wanapeana zamu kwa sababu ubao wao hauna nguvu, atajibiwa jibu atakalokwenda nalo nyumbani. Zamu ndiyo mchezo wenyewe. Ukiiondoa umetengeneza kitu kingine.

Kuhusu udhaifu wa mashine, Baldur's Gate 3 inapigana kwa zamu mwanzo hadi mwisho, inataka nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta, na ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2023.

"Ni za watu wasiopenda presha"

Anayesema hivi hajacheza. Katika Fire Emblem ya asili, askari akifa amekufa, na ni nadra sana jina lake kurudi tena. Hali ya kumrudisha baada ya vita ilikuja 2010 tu, tena kwa hiari ya mchezaji.

"Asilimia 95 ikikosa, mashine inaiba"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo urafiki unapovunjika.

Kijana mmoja alikuwa na XCOM 2 kwenye laptopu, kibandani, siku ambayo televisheni zote mbili zilikuwa na watu. Askari wake amesimama ubavuni mwa kiumbe wa angani, mtutu karibu umguse, skrini inaonyesha 95, yaani nafasi ya kumpata ni asilimia 95. Akabonyeza. Risasi ikapita pembeni ikaenda kupasua ukuta. "Inaiba hii! Wallahi inaiba!" Mwenye kibanda, aliyekuwa akihesabu sarafu, hakuinua hata kichwa: "Na ile tano uliipeleka wapi, mwanangu?"

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipiga risasi 20 na kila moja ina asilimia 95, nafasi ya kukosa angalau mara moja ni karibu asilimia 64. Yaani kwenye misheni ndefu, kukosa ndilo la kutarajia. Tatizo letu ni kwamba tukiona 95 tunasoma 100, na zile 19 zilizopata hakuna anayezikumbuka.

Lakini kuna kitu kingine ambacho wachezaji wengi hawakijui, nacho kinageuza mashtaka yote: gemu hizi mara nyingi huiba kwa faida yako. Kwenye viwango vyepesi, XCOM 2 inakuongezea nafasi kimyakimya ukishakosa, bila kukuonyesha. Fire Emblem za kuanzia 2002, kwa miaka mingi, zilikuwa zinachukua namba mbili za bahati na kutafuta wastani wake badala ya kuchukua namba moja. Matokeo yake, skrini ikikuonyesha 90, nafasi yako halisi ni karibu 98. Na adui akionyeshwa 30 dhidi yako, ya kweli ni karibu 18. Watengenezaji walijua kwamba binadamu akiona 90 anataka iwe hakika, wakampa.

Sasa mtu aliyelelewa na Fire Emblem akihamia XCOM kwenye kiwango kigumu, ambako 90 ni 90, anaona dunia imemgeuka. Ubishi mwingi wa "gemu hii haina haki" kati ya mashabiki wa konsoli mbili tofauti ni huo tu: kila mmoja amezoea mizani yake.

Wapo pia wanaosevu kabla ya kupiga, wakikosa wanarudi na kupiga tena, na wakikosa tena hasira zinapanda maradufu. XCOM: Enemy Unknown ya 2012 inahifadhi bahati pamoja na sevu yako. Ukirudi ukafanya jambo lilelile, utapata jibu lilelile, hata urudi mara mia. Badilisha mpangilio, mwingine apige kwanza, ndipo namba zitakapobadilika.

Na kama bahati inakuchosha kabisa, iko Into the Breach ya 2018, ubao wa miraba 8 kwa 8. Adui anakuonyesha kabla ni wapi atapiga, nawe silaha zako hazikosi. Ukishindwa humo, karibu kila mara kosa ni lako, na hilo linauma kuliko 95 iliyokosa.

"Bila konsoli mpya huna chako"

Katika dhana zote, hii ndiyo inayonikera, maana inawazuia watu wa kwetu kuanza. Kwanza, mlango wa konsoli kubwa haukujengwa kwa kutufikiria. Mwaka 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network, huduma yake ya mtandaoni, Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Kelele za wachezaji zikaliondoa sharti ndani ya siku chache, lakini gemu yenyewe ikakawia kurudi dukani katika nchi hizo. Ukiona jirani yako anatumia akaunti yenye anwani ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, sababu ni hiyo.

Pili, gemu za zamu ndizo zinazodai kidogo kuliko zote. Into the Breach haifiki GB 1, bando la siku linaibeba. The Battle of Polytopia iko kwenye simu, na watu wawili mnaweza kupokezana simu moja, kila mtu kwa zamu yake, bila intaneti. Ndani ya boti ya kwenda Mokowe hamtaimaliza, lakini mtaianza.

Halafu kuna The Battle for Wesnoth. Ni ya bure, imekuwako tangu 2003, inatengenezwa na watu wa kujitolea, na laptopu kuukuu ya ofisini inaiendesha bila kuhema. Inasevu yenyewe kila zamu, kwa hiyo stima ikipotea, na hapa kwetu hupotea, hasara yako ni zamu moja. Inaruhusu pia watu kadhaa kucheza kwenye kompyuta moja kwa kupeana kiti.

Anayeanza na aanze na kampeni ya A Tale of Two Brothers, ambayo ni fupi na haikutupi kwenye kina. Kiongozi wako asiende mbali na ngome, kwa sababu askari wapya huitwa akiwa hapo tu. Na angalia saa ya gemu: binadamu wengi hupiga kwa nguvu asilimia 25 zaidi mchana na hupungukiwa kiasi hichohicho usiku, maorki, majitu ya hadithi, kinyume chake. Wageni wengi hushindwa kwa kuvamia kambi ya maorki giza likiwa limeshaingia, kisha wanasema mashine inaiba.