Je, wajua kwa nini anayeshinda mnada wa mtandaoni mara nyingi hulipa kupita kiasi?

Jumamosi, kwenye mnada wa Msalato nje kidogo ya Dodoma mjini, mnunuzi mzoefu hatoi pesa kabla mkono wake haujafanya kazi. Humpapasa mbuzi mgongoni ahisi nyama, humfungua mdomo atazame meno ajue umri, humzungusha amwone anavyotembea. Ndipo aseme bei. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani na kushika simu, utamkuta anapandisha dau la kompyuta aliyoiona kwa picha tatu tu, mbili zikiwa za giza.

Minada ya mtandaoni inasifiwa kwa bei chee. Mbona basi washindi ndio wanaojuta?

Chukua mbuzi wa kilo 30, mpige picha, waonyeshe watu kumi wakisie uzito wake. Mmoja atasema 22, mwingine 27, wengine 30 au 32, na mmoja atasema 38. Ukitafuta wastani wa makisio yao, huenda usiwe mbali sana na ukweli. Lakini mnada hauuzi kwa wastani. Mbuzi atachukuliwa na yule wa kilo 38, yaani aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Hakuna aliyemdanganya. Amepatikana kwa sababu mnada umemchagua yeye miongoni mwa kumi.

Mwaka 1971, wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya jambo hili. Kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya mafuta kwenye Ghuba ya Mexico zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia, nao wakaeleza kwamba anayeshinda zabuni ni yule aliyekadiria mafuta mengi kupita wenzake. Wachumi huiita laana ya mshindi.

Linalofuata hapo ni gumu kumeza: kama ni kitu ambacho ubora wake umejificha, mfano injini iliyotumika au simu yenye betri ya zamani, basi washindani wakiwa wengi ni sababu ya kushusha dau. Moyo unakwambia kinyume chake. Watu 30 wanakigombania, kwa hiyo lazima kiwe kizuri! Kumbe kati ya watu 30, yule aliyepotoka zaidi kwa makisio huwa amepotoka kuliko wa kati ya watano. Mimi naona hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea, kuliko hata kwa matapeli.

Sasa, dau liwekweje? Kwenye eBay, soko la minada la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 1995, unaandika bei yako ya mwisho kabisa na mtambo unaificha. Tuseme umeandika shilingi 400,000, na mshindani wako wa karibu ameishia 310,000. Kama hatua ya kupandisha ni 10,000, utalipa 320,000, si 400,000. Mchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba pale mshindi anapolipa bei ya aliyemfuata, kuandika thamani yako ya kweli hakukupotezei kitu. Alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, akafariki siku tatu baadaye. Hesabu hiyo huvurugwa na mtu anayepandisha kidogokidogo kila akizidiwa: huyo haandiki tena thamani ya kitu, anaandika hasira yake. Kwa ajili ya watu kama hao, wengi husubiri hadi dakika ya mwisho ndipo waweke dau. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza hilo katika makala yao ya mwaka 2002. Walikuta madau ya mwishomwisho ni mengi zaidi eBay, ambako saa ya kufunga haibadiliki, kuliko kwenye minada ya Amazon ya wakati huo, iliyojiongeza muda kila dau jipya lilipoingia mwishoni.

Kwa sisi wa Dodoma, mnada wa California unaofungwa saa 1 jioni wakati wao wa kiangazi hutukuta saa 11 alfajiri. Andika bei yako ya mwisho, ulale.

Kwenye magari kuna mtego zaidi. Magari mengi yaliyotumika tunayoyaona barabarani yalipita kwanza kwenye minada ya Japani, ambayo huuzia wanachama, hivyo unapitia kwa wakala. Muombe karatasi ya ukaguzi ya mnada yenyewe, ile ya Kijapani, pamoja na tafsiri. Alama ya 4.5 ni gari safi. Herufi R ni gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali, hata kama picha inang'aa. Na hesabu ianze mwishoni kurudi nyuma: weka jumla uliyonayo, toa usafiri wa Dar hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, toa gharama za bandari, toa kodi (zikiwemo ushuru wa forodha 25%, VAT 18% juu yake, na tozo la umri kwa gari kuukuu), toa meli na ada ya wakala. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo mtandaoni cha kukadiria kodi hizo. Kinachobaki ndilo dau lako.

Shemeji yangu alifanya hivyo akitafuta gari dogo la Toyota IST. Akaandika kiasi kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza, akamtumia wakala. Asubuhi akakuta amelikosa kwa dola 60. Alinung'unika mpaka chai ikapoa, kisha akafungua orodha ya wiki iliyofuata, na IST zilikuwa zimejipanga humo ukurasa mzima.