Farasi chini ya jukwaa la Jhalawar

Nikipewa ramani ya ukumbi wowote wa maonyesho, naanza na chini ya jukwaa. Huko ndiko utakakojua mwenye ukumbi alikusudia kuonyesha nini. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niipende Bhawani Natyashala, ukumbi wa maigizo wa Jhalawar, mji mdogo wa Rajasthan, India.

Ilijengwa mwaka 1921 katika eneo la Garh, kasri la watawala wa pale, kwa amri ya Bhawani Singh. Jhalawar haikuwa dola kubwa. Ilimegwa kutoka dola jirani ya Kota mwaka 1838. Ila mtawala huyu alikuwa msomi, alishatembea Ulaya na kurudi na hamu ya jumba la opera la kwake mwenyewe.

Wengi wakisema “mchanganyiko wa Kihindi na Kizungu” huwa wanatazama kuta na roshani. Sawa, umo. Lakini mimi nauona zaidi sakafuni.

Chukua Shakuntala, tamthilia ya Kalidasa, mshairi wa kale wa India. Inafunguka na mfalme Dushyanta yuko garini, farasi mbio, anamfukuza paa. Jukwaa la kale la Kihindi halikuwa na farasi wala gari. Maelekezo ya tamthilia yenyewe yanataka mwendo ule uigizwe kwa mwili tu: hatamu hazipo, paa hayupo, na mtazamaji anawaona wote. Natyashastra, kitabu kikongwe cha fani hiyo, kinasema ukumbi uwe kama pango la mlima, sauti isipotee.

Karne ya 19 wakaja Waparsi wa Bombay (Mumbai ya leo), jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, na makundi yao ya maigizo. Walichukua jukwaa la Kizungu lenye fremu kama ya picha, mapazia yaliyochorwa makasri na bustani, na mitambo ya viini macho, wakavitia humo visa vya Kihindi na vya Kiajemi, na nyimbo tele. Watu wakazoea kuonyeshwa. Kisa kikiwa na gari, wanataka gari.

Bhawani Singh akawapa. Chini kwa chini zilijengwa njia za kupitisha farasi na magari ya kukokotwa mpaka jukwaani. Piga hesabu ya fundi: farasi ana kilo mia kadhaa, na uzito wenyewe hautulii, unagonga kwato kwa kwato. Sakafu inayotosha mcheza ngoma haimtoshi huyo. Mteremko ukiwa mkali, anagoma. Ukiulaza, unakula nafasi yote ya chini. (Harufu sijaitaja.) Si ajabu kumbi nyingi ziliishia kumchora farasi kwenye turubai.

Mwaka 1931, miaka kumi tu baadaye, India ikapata filamu yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, iliyotokana na tamthilia ya Waparsi wale wale. Kwenye filamu farasi angeweza kukimbia nje, penye ardhi ngumu.