Je, Wajua Kwa Nini Gia Hazijaing'oa Krenki Ndani ya Injini?

Kila baada ya muda hujitokeza mvumbuzi mwenye mchoro wa injini isiyo na krenki ya kawaida, yaani shafti yenye mkono uliopinda unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Mahali pake ameweka gia: pengine reki mbili (vyuma vilivyonyooka vyenye meno) zinazopokezana kuzungusha gurudumu lenye meno upande mmoja tu, pengine gia ndogo inayobiringika ndani ya gia kubwa. Ahadi haibadiliki sana. Mafuta yatapungua kwa theluthi au nusu, na nguvu itaongezeka.

Hoja yenyewe inavutia. Mafuta yanapowaka, shinikizo hufikia kiwango cha juu kabisa pistoni ikiwa karibu na kilele cha safari yake. Lakini hapo kileleni konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na mkono wa krenki vimenyooka katika mstari mmoja, kwa hiyo wenzo, yaani umbali unaoipa kani uwezo wa kuzungusha shafti, ni sifuri. Tani kadhaa za kani zinasukuma chuma kisichozunguka. Nguvu yote hiyo, anauliza mvumbuzi, inapotelea wapi?

Haipotei. Inabaki ndani ya gesi, ikisubiri.

Kazi, kwa maana ya fizikia, ni kani mara umbali. Pistoni isiposogea, gesi haijafanya kazi yoyote, na kwa hiyo haijatumia chochote katika nishati yake. Krenki ikisonga nyuzi chache, pistoni inashuka kidogo sana na shafti inapata msukumo mdogo. Ikisonga zaidi, wenzo unarefuka, pistoni inaongeza kasi, msukumo unakua. Katika kila nukta ya mzunguko, kile ambacho gesi inakitoa kwa pistoni ndicho kinachofika kwenye shafti, ukitoa msuguano. Wenzo mfupi na mwendo mdogo wa pistoni ni jambo moja lililotazamwa pande mbili. Huwezi kulihesabu la kwanza kuwa hasara ukalisahau la pili.

Naamini kosa hili linatoka mwilini mwetu. Ukiikanyaga pedali ya baiskeli iliyo juu kabisa, baiskeli haiendi na paja linachoka, kwa sababu msuli huchoma nishati hata ukiwa umekaza tu bila kusogeza kitu. Gesi haina msuli. Haichoki kwa kusukuma.

Kitu kimoja ambacho gesi hukipoteza kweli pale juu ni joto, linaloingia kwenye kuta za silinda na kichwa chake. Hasara hiyo ni kubwa na wahandisi wamepambana nayo kwa zaidi ya karne. Lakini inategemea gesi inakaa moto kwa muda gani na imegusa eneo kubwa kiasi gani, na baadhi ya mitambo ya gia huishikilia pistoni kileleni kwa muda mrefu zaidi kuliko krenki. Hapo dawa inauzidisha ugonjwa.

Anayeshuku na atazame injini kubwa za dizeli za meli. Wärtsilä RT-flex96C ina silinda zenye kipenyo cha milimita 960, pistoni zake husafiri mita 2.5, na yenye silinda 14 hutoa kilowati 80,080 kwa mizunguko 102 kwa dakika. Injini za aina hii hugeuza karibu nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi ya shafti, na shafti hiyo ni krenki. Kama krenki ingekuwa inamwaga nusu ya nguvu ya pistoni, gesi ingelazimika kuipa pistoni nishati yote iliyomo kwenye mafuta, bila hata chembe ya joto kutoka kwenye moshi au maji ya kupozea. Sheria za joto haziruhusu hilo.

Sasa tuseme mtu bado hapendi ule wenzo wa sifuri. Anaweza kuukwepa? Pistoni inayopanda haina budi kusimama kabla ya kushuka. Pale inaposimama, shafti ikiendelea kuzunguka, uwiano kati ya mwendo wa pistoni na wa shafti ni sifuri, na wenzo ni sifuri, iwe kuna krenki, gia, kamba au nyororo. Njia pekee ya kulihepa hilo ni kuigeuza pistoni ghafla, na ndivyo reki mbili na gurudumu la meno nusu zinavyojaribu kufanya. Kwenye mchoro unaosogea katika skrini inapendeza. Kwenye chuma, jino linakutana na jino likienda upande wa pili kwa kasi kamili.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Chukua injini ya gari yenye pistoni inayosafiri milimita 86, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Hata kwa krenki, inayoisimamisha pistoni kwa upole kuliko reki yoyote, mchapuko (kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde) pale kileleni hupita mita 20,000 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi ya mara 2,000 ya mvutano wa dunia. Pistoni na sehemu ya konrodi zenye nusu kilo huvuta kwa kani inayolingana na uzito wa tani moja, mara 100 kila sekunde. Ukiondoa upole huo, meno hayatadumu.

Haya si mambo mageni. Mwaka 1780 James Pickard alipata hataza (haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi) ya kutumia krenki kwenye injini ya mvuke nchini Uingereza. James Watt, ili asifungwe na hataza hiyo, mwaka 1781 alisajili gia zake za jua na sayari, ambamo gia moja inaizunguka nyingine na kuizungusha. Zilifanya kazi vizuri. Injini ya 1785 iliyotumika katika kiwanda cha bia cha Whitbread jijini London imehifadhiwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho jijini Sydney. Lakini sababu yake ilikuwa ya kisheria. Hataza ya Pickard ilipokwisha mwaka 1794, krenki ikawa huru kwa wote, na jua na sayari vikafifia.

Gia inayobiringika ndani ya gia yenye kipenyo mara mbili yake ina asili ya kale zaidi na, kwangu, ya kupendeza zaidi. Nasir al-Din al-Tusi, mwanaastronomia wa karne ya 13, alionyesha kwamba nukta iliyo kwenye ukingo wa duara dogo huenda katika mstari ulionyooka kabisa. Matthew Murray aliitumia kanuni hiyo kwenye injini ya mvuke, na moja ya mwaka 1805 imehifadhiwa Birmingham. Faida yake ni ya kweli: pistoni haisukumwi pembeni kama konrodi iliyoinama inavyofanya, hivyo haisuguani sana na ukuta wa silinda.

Ila tupime ukubwa wa faida hiyo. Katika injini nzuri ikifanya kazi kwa nguvu zote, msuguano wote wa ndani hula takriban asilimia 10 hadi 15 ya kazi ya pistoni. Karibu nusu ya huo ni wa pistoni na ringi, na ule wa kusukumwa pembeni ni sehemu tu ya nusu hiyo. Upande wa pili wa mizani, kila jozi ya gia nzuri hula asilimia moja hadi mbili. Kinachobaki ni faida nyembamba.

Tena meno hayo yanabeba mzigo mgumu. Beringi ya krenki huelea juu ya utando wa mafuta uliotandazwa kwenye eneo pana, unaomeza kishindo cha mlipuko. Jino la gia hugusana na mwenzake katika mstari mwembamba, na kani inapobadili mwelekeo, uwazi mdogo ulio kati ya meno hugeuka kuwa nyundo.

Kwenye pampu hadithi ni ileile kinyumenyume, kwani shafti ndiyo inayoisukuma pistoni, ila kasi ni ndogo na nafasi ya gia ni kubwa zaidi. Kwa kawaida gia hukaa kabla ya krenki, kupunguza mwendo wa mota, na krenki tatu zilizopishana kwa nyuzi 120 hutosha kulainisha mkondo wa maji. Reki yenye meno imepata makazi ya haki kwenye visima vya mafuta, ambako fimbo ya pampu hupanda na kushuka mara chache tu kwa dakika na mota huzungushwa mbele na nyuma. Hata huko, kabla ya kila ncha ya safari, kidhibiti cha kielektroniki huipunguza mota kasi, huisimamisha, kisha huigeuza taratibu, jambo ambalo krenki hulifanya kwa umbo lake tu.