Je, wajua? Jirikiti inachanua nyekundu sababu ya nyuki, si ndege tu

Kiangazi kikikolea, pita barabara ya Masaka kwenda Mbarara, Uganda, utauona: mti wa wastani, gome nene la kupasukapasuka, hauna jani hata moja, alafu kwenye ncha za matawi maua mekundu yanawaka. Waganda wanauita jjirikiti, Wanyankole ekiko, wanasayansi Erythrina abyssinica. Ukikaa chini yake asubuhi kelele tu, ndege wanagombana huko juu. Sasa swali, kwa nini nyekundu?

Wengi wanajibu eti ndege wanapenda nyekundu. Si kweli sana. Ndege anaona rangi zote tunazoona sisi na anaona hata miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, kwa hiyo ua likiwa la bluu au njano angelipata tu, akishajua kuna chakula anarudi. Mwenye shida ni nyuki. Jicho lake linashika urujuanimno, bluu na kijani, lakini nyekundu haipati vizuri, kwake ua la jirikiti linafifia hivi, halimwiti. Na harufu nayo hakuna, jaribu kunusa, si kitu. Basi nyuki wengi wanapita kwenda kwa maua mengine (si wote bana, wengine wanafika na wanakula).

Mti una sababu ya kuwakwepa. Nyuki ni mdogo, anaweza kufyonza utamu bila kugusa sehemu zenye chavua, na mara nyingi anazunguka mti ule ule. Ndege akizamisha kichwa anatoka na vumbi la njano kwenye paji, akifukuzwa na mwenzake anaruka mpaka jirikiti ya kijiji cha pili na chavua inaenda naye.

Ndege wenyewe ni akina nani? Chozi wapo, hasa yule dume mweusi mwenye kifua chekundu ambaye hata Kampala anaingia kwenye maua ya nyumbani. Lakini wanakuja pia shore, kwera na kwezi, na hapa ndo mambo yananoga. Kwezi tumbo lake haliwezi kuvunja sukari ya miwa, ile ile tunayotia kwenye chai, ukimpa nyingi anaharisha! Jamii ya jirikiti kwa Afrika inahudumia ndege wanaotua kwanza ndo wanywe, sasa maji yake matamu ni mepesi na yana zaidi zile sukari rahisi ambazo kila tumbo linaziweza. Ndugu zake kule Amerika wanaotegemea vile vindege vinavyonyonya huku vikipepea hewani, utamu wao una sukari ya miwa kwa wingi, na maua ni mirija myembamba iliyofungwa. Huku kwetu chozi anapenda kutua, ndo maana maua yamepangwa kwenye kikonyo kigumu, anasimama hapo anakunywa bila haraka.

Kupukutisha majani kabla ya kuchanua nako kunasaidia, maua yanaonekana kutoka mbali, tena ni msimu ambao maua mengine ni haba. Kwa kweli mimi naona hiyo ni akili kuliko hata rangi.

Ndege wakishamaliza yanakuja maganda yenye manyoya, yakipasuka ndani kuna mbegu nyekundu za kung'aa zenye doa jeusi. Zinafanana na tunda lakini nyama haina, wengine wanasema ni ujanja wa kumdanganya ndege azimeze azipeleke mbali. Watu wanazitunga shanga na watoto wanazichezea, sawa, ila zina sumu. Ikimezwa nzima ganda lake gumu mara nyingi linaizuia sumu isitoke, hatari ni ikitafunwa au kusagwa, kwa hiyo mtoto mdogo wa kuweka kila kitu mdomoni usimwachie.